Kinda wa Mwewe

Likizo ya mwisho wa mwaka tulitoka Mombasa na watoto, tukaenda kuwazuru wakwe zetu katika bonde la Lambwe, karibu na Hifadhi ya Ruma. Bonde lile lina historia ya maradhi. Mbung'o walieneza malale, na wazee wangali wakikumbuka watu waliohama wakaacha mashamba yao.

Wakwe zetu hufuga njiwa. Siku ya tatu tulikuta makinda wawili wamekufa tunduni, vinywa vimejaa utando wa njano. Nasi kwa haraka ya jikoni tukawatupa jaani. Kabla ya adhuhuri mwewe alishuka, akawabeba hadi kiotani mwake, juu ya mti uliokuwa nyuma ya nyumba.

Baada ya juma moja na siku kadhaa, kinda wa mwewe alianguka chini ya mti ule. Hakuvunjika bawa, alikuwa amekonda, na kinywani mna utando uleule. Binti yetu wa miaka tisa alijaribu kumnywesha maji, hayakupita. Alikufa mikononi mwake kabla ya magharibi.

Daktari wa mifugo alitufahamisha kwamba dalili zile ni za kijidudu kiitwacho Trichomonas gallinae, kiishicho kinywani na kooni mwa njiwa. Njiwa wazima wengi hukibeba bila kuugua, na huwaambukiza makinda wanapowalisha. Ndege mla nyama hukimeza pamoja na windo lake. Katika mji wa Tucson, Marekani, watafiti wa miaka ya 1990 waliona maradhi haya yakiua makinda wengi wa vipanga waliozaliwa mjini, kwa kuwa huko walilishwa njiwa na hua kwa wingi. Kinywa cha kinda hakina asidi kama cha ndege mzima, hivyo kijidudu hustawi.

Hatuwezi kuapa kwamba njiwa wetu ndio waliomuua. Mwewe huwinda pengi. Ila binti alituuliza, "Mama, lau tungewazika wale njiwa, angeishi?" Tulikosa jawabu.

Sasa nyumbani Mombasa, chombo cha maji ya njiwa huoshwa kila siku, mgonjwa hutengwa, na mfu huzikwa. Shimo hulichimba binti mwenyewe, na hulichimba refu.