Dada wa Fahali

Huku Soy, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, mtamba ni akiba. Ndiye karo, ndiye mabati, ndiye maziwa ya kesho. Kwa hivyo Friesian wa Senge alipozaa pacha, dume na jike, majirani walikuja kumpongeza. Jike alikuwa mrembo ajabu. Kabla hajamaliza mwezi, jamaa wa Moi's Bridge alishamtaka, na bei aliyotaja ingemaliza deni letu la mbolea.

Daktari wa mifugo ndiye aliyezima sherehe. Alipima njia ya uzazi ya ndama kwa mrija mwembamba. Uliingia kidogo tu, ukagonga mwisho.

"Huyu msimhesabu," akasema.

Mambo yalikuwa yameamuliwa tumboni, kitambo. Kwa kawaida, ovari za ndama jike huanza kujengeka mimba ikiwa na siku 40 hivi. Seli za mayai huongezeka hadi kupita milioni 2 kufikia mwezi wa nne, kisha nyingi hufa. Ndama huzaliwa na 100,000 na ushei, na hizo ndizo zake za maisha. Haongezewi. Lakini pacha wakiwa dume na jike, mara nyingi mishipa ya damu ya kondo la nyuma huungana. Korodani za kaka huwahi kukua, homoni zake huvuka na damu, na ovari za dada hukwama njiani. Zaidi ya 9 kati ya 10 hawazai kamwe. Mwaka wa 1917, Frank Lillie wa Chuo Kikuu cha Chicago alishaeleza kuwa chanzo ni homoni za kaka.

Senge alisikiliza akiwa ameshika kamba. Yeye hana mtoto, na kuna neno ambalo watu wa hapa hulisema akishapita.

"Kwa hivyo hakuna kitu alikosea?" akauliza.

"Hakuna, mama."

Mnunuzi alirudi Jumamosi. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Ingechukua mwaka na zaidi kabla ya jamaa kushtuka. Senge akamwambia, "Huyu hatazaa. Ukitaka wa nyama, tuongee bei ya nyama."

"Sasa kama hazai, ni wa kazi gani?"

Senge hakujibu. Alimwangalia tu, mpaka jamaa akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki yake.