Sahani Moja

Muuza vyombo pale Manzese aliniuliza mara mbili. "Moja tu, dada?" Nikamwambia moja. Sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, sufuria moja na mfuniko wake. Akacheka, akanifungia kwenye gazeti, akanipunguzia mia tano, nadhani kwa huruma. Sikumwambia kwamba tatizo halikuwa hela peke yake. Kwa baba mdogo, Tabata, nilikokaa miaka mitatu, tulikuwa watu tisa, na baada ya kila mlo sahani tisa zilinisubiri mimi. Nilitaka nikae mahali ambapo nitaosha sahani moja, tena siku nikijisikia.

Nimesoma habari nyingi za watu waliohamia chumba chao cha kwanza. Wanaeleza mwanga ulivyoingia dirishani, wanaeleza upweke, lakini sehemu moja huwa wanairuka: hela ilitoka wapi. Virginia Woolf, angalau, hakuiruka. Kwenye A Room of One's Own, kitabu cha mwaka 1929, anasema mwanamke anayetaka kuandika hadithi anahitaji hela na chumba chake mwenyewe. Anataja mpaka kiasi, pauni 500 kwa mwaka. Msimulizi wake alizipata kwa urithi wa shangazi aliyeanguka kutoka kwenye farasi huko Bombay. (Kiingereza hakisemi kama ni shangazi au mama mdogo. Mimi nimeamua ni shangazi, kwa sababu zangu mtakazoziona.) Habari za dalali hakuziandika.

Basi tuanze na hela. Mimi nasahihisha prufu kwenye kampuni moja ya uchapaji, Kariakoo. Mshahara ulioandikwa kwenye mkataba ni shilingi 500,000. Toa NSSF 50,000. Toa kodi 14,400. Toa Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 75,000, maana chuo nilisoma kwa mkopo. Kinachoingia benki ni 360,600. Kwa miezi kumi na minne nilijibana, nikafikisha akiba ya 370,000, nikajiona tajiri mpaka nilipokutana na dalali.

Alikuwa kijana mwenye simu mbili. Alichukua 10,000 ya kunizungusha, akanionyesha vyumba vitatu Kimara. Cha kwanza hakikuwa na dirisha. Cha pili kilikuwa nalo, lakini linatazamana na choo cha jirani. Cha tatu ndicho hiki ninachokaa: chumba kimoja, choo na bafu tunachangia wapangaji watano, 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, 480,000. Dalali naye anataka mwezi wake, 80,000. Yaani 560,000 kabla hujanunua hata ndoo ya kuogea.

Mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayekaa nyumba ya mbele. Hakuniuliza nafanya kazi wapi. Aliniuliza, "Umeolewa?" Nikasema bado. "Basi wageni wa usiku sitaki." Kijana wa chumba cha pili, ambaye naye bado, aliniambia baadaye kwamba yeye aliulizwa kama ni Simba au Yanga.

Hela haikutosha. Nikampigia shangazi.

Kwetu Muheza, shangazi ni baba aliyevaa kanga. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenishonea sare, yeye ndiye aliyenipeleka bweni na sanduku kichwani. Nilijua nikimwambia nataka kukaa peke yangu atanijibu nini: msichana hapangi, msichana anaposwa. Kwa hiyo nikamwambia tunapanga wawili. Mimi na mwenzangu wa kazini, binti wa Lushoto, mswalihina kabisa, haikosi sala. Nikampa jina. Nikampa na tabia, kwamba hapendi samaki hata kwa harufu. Ukisoma riwaya nyingi unajifunza kuwa mhusika haaminiki kwa wema wake, anaaminika kwa kitu kidogo kama hicho.

Shangazi aliamini. Jioni ile ile ikaingia 250,000, mgao wake wa kikoba wa mwaka mzima, na ujumbe: "Nunueni na godoro zuri. Mwenzio asilale chini akajiona mgeni."

Niliusoma ule ujumbe mara nyingi. Halafu nikaenda kulipa kodi.

Watu huhama na kirikuu. Mimi nilihama na bajaji: begi moja la nguo, maboksi mawili ya vitabu, ndoo mbili zilizopakatana, na mkeka. Jiko la mkaa nilinunua kwa mpangaji aliyekuwa anahama siku hiyo hiyo. Pazia lilikuwa kanga yangu, nimeikaza kwa misumari minne, na mtu akipita nje na tochi, jina la kanga lilisomeka kinyume ukutani. Usiku wa kwanza nilisimama katikati ya chumba nisijue nikae wapi. Si utani. Chumba kitupu hakina mahali pa kukaa, kote ni sawa.

Nilikuwa nimejiahidi kwamba nitasoma mpaka usiku wa manane, maana Tabata nilikuwa nasoma kwa mwanga wa simu chini ya shuka ili binamu zangu walale. Wiki nzima ya kwanza sikusoma hata ukurasa. Nilikuwa nasikiliza. Mlango wa choo, mbwa, mtu anakohoa, kufuli la nani lile. Chakula nacho kilikataa kushuka. Nilipika wali wa mtu mmoja na nikashindwa kuumaliza, mimi niliyekuwa nalalamika kwamba kwa baba mdogo sishibi. Nilipompigia mama mdogo nikajifanya namsalimia, kumbe nilitaka tu kusikia kelele za nyuma yake.

Ya LUKU nisiyaseme sana. Mita moja, wapangaji watano, na kila umeme unapokata kabla ya siku yake, macho yote yanaenda kwa mtu mgeni. Walisema nina hita ya maji. Mimi! Siku moja niliacha mlango wazi makusudi wapite waone: mkeka, maboksi, balbu.

Mwisho wa mwezi nikanunua godoro. Futi tatu kwa sita, inchi nne, 65,000, nikalipandisha kwenye bodaboda limekunjwa kama mgonjwa. La futi nne lilikuwa pale pale, lakini lilikuwa ghali zaidi, na nilikuwa mmoja. Wiki zilipozidi kwenda nikaanza kusoma. Nikaanza hata kuandika, vijikaratasi vya hivi mnavyosoma humu.

Kisha Jumamosi moja, saa nne asubuhi, simu. "Nipo Mbezi, stendi ya Magufuli. Njooni mnipokee."

Njooni. Mnipokee.

Nilimpigia mwenzangu mmoja wa ofisini, nikamwomba aje awe binti wa Lushoto kwa siku mbili. Akacheka mpaka akakohoa. Yuko Kigamboni, ana harusi. Nikaenda stendi peke yangu. Shangazi alikuwa amekalia kiroba cha machungwa, na pembeni kikapu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwanangu. Mwenzio?" Nikasema katoka kidogo. Njiani nikamwambia ninapokaa panaitwa Kimara Korogwe, akacheka: "Umetoka Muheza, umeiacha Korogwe yenyewe, ukaja kupanga Korogwe ya Dar!" Nilicheka naye. Nilitamani daladala isifike.

Mlango niliufungua mimi, kwa ufunguo wangu, mbele ya macho yake. Bado akasimama kizingitini, akabisha hodi. Alikuwa anampigia hodi mwenzangu.

Akaingia, akakaa ukingoni mwa godoro. Alilipima kwa kiganja, taratibu, kutoka upande hadi upande. Akatazama kikombe changu na mswaki ndani yake. Hakusema kitu. Akafungua kikapu, akatoa samaki wakavu, nazi, na mfuko wa kilo mbili za maharage umefungwa peke yake. "Haya ya mwenzio," akasema, "si ulisema samaki hali?"

Nilipika. Nikampakulia kwenye sahani, mimi nikala kwenye mfuniko wa sufuria. Alikula matonge matatu manne, kisha akauliza, bila kunitazama, "Mwenzio yeye hula na nini?"

"Hayupo, shangazi."

"Najua hayupo. Akirudi?"

"Hayupo kabisa. Hakuwahi kuwepo."

Aliendelea kula. Alimaliza, akanawa, akafuta mikono kwenye kanga. Ndipo akasema, "Mbona alikuwa mtoto mzuri," na sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeletewa taarifa.

Usiku yeye alilala kwenye godoro, mimi mkekani. Taa ilipozimwa akasema, "Ungeniambia ukweli ningekukatalia." Nikanyamaza. Baada ya muda akaongeza, "Ningekukatalia, halafu ningekutumia." Mpaka leo nalifikiria hilo neno la pili. Nadhani si kweli. Nadhani angekataa tu, na alilisema ili uongo wangu uonekane haukuwa na kazi. Lakini simjui shangazi yangu kiasi hicho, na nani anamjua?

Asubuhi akaniomba daftari na kalamu. "Ile hela niliwapa wawili," akasema. "Wewe uko mmoja. Fungu la mwenzio linarudi." Akaandika 125,000, akagawa kwa miezi kumi, 12,500 kila mwisho wa mwezi, akaniambia niweke sahihi. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kisha akachukua yale maharage akayapeleka nyumba ya mbele, kwa mama mwenye nyumba, akakaa huko karibu saa nzima. Nilisikia wakicheka. Aliporudi mama yule alikuwa anaujua ukoo wetu mpaka kwa babu.

Hiyo nayo ina pande zake. Kodi ya miezi sita ilipoisha, nilimwomba anipokelee miezi mitatu, na akakubali, kitu ambacho hajamkubalia mpangaji yeyote. Ananiita mwanangu. Pia anajua kila siku nimerudi saa ngapi, na nikichelewa hukohoa dirishani nipite nikijua kaniona. Nilihama Tabata kukimbia macho, nikaletewa mengine kwa kilo mbili za maharage.

Deni nimelipa miezi saba, imebaki 37,500. Kila nikituma, shangazi hujibu kwa maneno yale yale, na kila mara nayasoma nikijaribu kujua kama ananitania au ananisuta, au kama kuna mtu kweli anamkumbuka: "Imefika. Msalimie mwenzio."

Nami humjibu, zimefika.