Kustahili Si Kupata



Jioni moja baada ya masomo, mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho alibaki darasani wenzake walipokwisha kutoka. Anasoma mchepuo wa sayansi hapa Rumonge, na mama yake huuza ndagala mwaloni. Alinikabidhi karatasi aliyoandika alama zake za miaka miwili iliyopita, kisha akaniuliza bila kuzunguka: “Mwalimu, niambie kweli. Udaktari nitaupata?”

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe juma moja.

Nilikuwa na sababu ya kusita. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniuliza swali hilohilo, nami nikamjibu kwa haraka: “Utapata tu, mwanangu. Penye nia pana njia.” Nilidhani ninamtia moyo. Alifaulu mtihani wa taifa, lakini alama zake hazikufika pale palipohitajika kwa udaktari. Kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwonesha njia ya pili, aliikataa kila nafasi nyingine akakaa nyumbani miaka miwili. Mimi ninayefundisha methali nilimpa methali mahali pa hesabu. Kosa lile ni langu.

Basi safari hii nilichukua daftari. Yale niliyoyaandika ndiyo ninayotaka kukushirikisha, mzazi au mwanafunzi unayesoma haya.

Jambo la kwanza ni kutofautisha maneno mawili: kustahili na kupata. Anayestahili ni yule aliyetimiza masharti ya chini. Anayepata ni yule aliyewapita wenzake waliostahili pia. Tazama mfano wa majirani zetu ng’ambo ya mpaka. Miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji wa udaktari awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kwa daraja lisilopungua D katika kila somo, yaani jumla ya pointi 6. Msomaji wa haraka atafurahi: kumbe D tatu zinatosha! Hazitoshi. Hizo ni za kufungulia mlango wa uani tu. Nafasi zikiwa 100 na waliotimiza masharti wakawa 1,000, chuo huanza kuhesabu kutoka juu, na mwenye D tatu hafikiwi. Kwa hiyo usiulize tu, “Masharti ni yapi?” Uliza pia, “Aliyeingia wa mwisho mwaka jana alikuwa na alama ngapi?”

Kwetu Burundi kanuni ni ileile, ingawa njia ni tofauti. Mwanafunzi humaliza mafunzo ya baada ya shule ya msingi, hufanya mtihani wa taifa, na matokeo yake pamoja na mchepuo wake ndiyo humwelekeza. Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Burundi, ambacho wanafunzi wake hujifunzia katika hospitali ya Kamenge jijini Bujumbura, ndicho kinachotamaniwa na wengi. Alama ya kuingilia si jiwe lililosimikwa: hupanda na kushuka kwa kufuata matokeo ya mwaka na idadi ya nafasi. Aliyefaulu kwa kiasi mwaka huu hawezi kutegemea hadithi ya kaka yake.

Jambo la pili ni kuzisoma alama zako kama anavyozisoma mtu asiyekupenda wala kukuchukia. Karatasi ya binti yule ilionesha Biolojia imara na Kemia inayopanda kila muhula. Fizikia ilikuwa imeanguka mara mbili. Jirani angesema, “Wastani wake ni mzuri.” Lakini wastani huficha shimo, na panapogombewa nafasi chache ni shimo hilo litakalomwangusha.

Jambo la tatu ni lugha. Hapa sayansi hufundishwa kwa Kifaransa. Ukivuka kwenda Tanzania, Kenya au Uganda, utaikuta kwa Kiingereza. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Ni hatua njema, lakini tangazo halimfundishi mtu istilahi za anatomia. Cheti nacho hudai kulinganishwa na vyeti vya huko kabla ya kupokewa, na jambo hilo huchukua muda na fedha.

Jambo la nne ni gharama. Vyuo binafsi vipo. Hope Africa University ya Bujumbura ina kitivo cha tiba, na hospitali ya Kibuye hutumika kuwafundishia wanafunzi wake. Lakini udaktari ni masomo ya miaka mingi. Familia isiulize tu kama italipa mwaka wa kwanza. Iulize nani atalipa mwaka wa tano, ndagala wakiadimika.

Jambo la tano ndilo nililomnyima yule kijana: njia ya pili iliyoandikwa mapema. Uuguzi, ukunga, maabara na famasia si makapi ya udaktari. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma iko Bujumbura, na mama anayejifungua usiku wa manane huku pwani mara nyingi hupokewa na mkunga kabla ya kumwona daktari.

Juma lilipokwisha nilimwambia binti: “Kwa alama hizi unastahili kujaribu, lakini bado hujafika mahali pa kupata. Ukiiinua Fizikia, utakuwa miongoni mwa wanaogombea kweli. Usipoiinua, andika uuguzi kama chaguo la pili, na uliandike kwa moyo.” Aliinamisha kichwa, akaichukua karatasi, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mama yake alifika shuleni. Nilijiandaa kulaumiwa. “Mwalimu,” alisema, “mtoto alilia usiku. Lakini hata mimi sinunui ndagala kabla sijauliza bei ya Bujumbura. Sasa niambie, wa kumfundisha hiyo Fizikia ni nani?” Tulimpata mwenzangu, na sasa wanafunzi sita hubaki kila Jumatano baada ya masomo.

Mtihani haujafika, wala sijui utaleta nini. Lakini nimejifunza kwamba kumwambia kijana ukweli mapema, angali na muda wa kuutumia, ni sehemu ya kumheshimu kama raia. Katiba yetu ya mwaka 2018 inampa kila raia haki sawa ya kupata elimu. Haki hiyo hupungua uzito pale mtoto wa mjini anapojua alama zinazotakiwa na mtoto wa mvuvi anakisia. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, nenda shuleni ukaulize alama za mwaka jana. Mwalimu mwenzangu, zitafute uzibandike ukutani. Nawe mwanafunzi, fungua daftari leo: andika unachokitaka, kinachotakiwa, na umbali uliopo kati ya hivyo viwili.