Mashine inaposahihisha kurasa za wanafunzi

Wiki hii nimekuwa nikisahihisha. Yaani si mimi hasa, ni programu. Jioni mbili kwa juma nafundisha utengenezaji wa tovuti katika chuo kimoja hapa Nairobi, darasa la wanafunzi karibu 80. Kila zoezi likichukua dakika 15, hizo ni saa 20. Nani anazo?

Wazo lenyewe ni kuukuu. Mwaka 1960 Jack Hollingsworth wa Rensselaer, Marekani, alieleza programu iliyosahihisha kazi za wanafunzi zikiwa bado kwenye kadi za kutobolewa. Kurasa za wavuti zina tabu zaidi. Wanafunzi wawili huandika HTML zisizofanana hata mstari mmoja, kisha kwenye kivinjari ukaona pacha.

Programu niliyoikuta chuoni haikujali hayo. Ilijaza 12 na 30 kwenye fomu, ikatafuta kitufe kilichoandikwa "Calculate", kisha ikatafuta 42. Swali halikusema kitufe kiandikweje. Binti mmoja akaandika "Jumlisha". Sufuri! Nilipofungua ukurasa wake nikakuta unajumlisha vizuri, na ukiandika herufi badala ya tarakimu unakuonya kwa adabu. Mwenzake hakujumlisha chochote. Alibandika 42 chini ya fomu akazoa alama zote. (Huyo, jamani, tumwangalie kwa makini.)

Basi nimeiandika upya kwa Selenium, chombo alichokianzisha Jason Huggins huko Chicago mwaka 2004. Chenyewe huendesha kivinjari kama mtu: hubofya, huandika, husoma. Namba sasa hubadilika kila jaribio, na kitufe hutafutwa kwa jina la ndani ambalo swali limelitaja wazi. Kila kazi ina sekunde 10 tu, maana kitanzi kisichoisha cha mmoja kikishika seva, wenzake wote wanangoja. Na PHP yao naiendesha kwenye kompyuta pepe isiyo na mtandao. Anayetaka kufuta mafaili, kwa makusudi au kwa usingizi, afute ya kwake.

Uzuri wa ukurasa mashine haiujui, huo naupima mwenyewe. Pia kila sufuri naisoma kwa macho kabla haijaingia kwenye daftari.

Alama za yule binti zinarekebishwa. Ofisi ya mitihani imetaka barua, nakala tatu, na muhuri. Nimezipeleka leo asubuhi.