Kutoka Lusahunga Hadi Rusumo

Ukitoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, ukashika barabara ya Rusumo, unapita mapori na misitu ya miombo. Ni nchi ya nyuki. Miombo ikichanua, nyuki hupata chakula, na watu hupata asali.

Ukiingia Ngara, utaona milima ya nyasi. Wenyeji wa huku ni Wahangaza na Washubi. Nyumba zao nyingi zimo ndani ya migomba. Samadi ya ng'ombe huenda kwenye migomba. Nyasi kavu hufunika udongo, mvua isiuchukue. Hiyo ni elimu ya wazee. Waliipata kwa ardhi yenyewe.

Kisha unafika Benaco. Mwezi wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Walikimbia vita nchini Rwanda. Wakapiga kambi Benaco. Kambi ikawa kama mji mkubwa. Kila familia ilihitaji kuni.

Wengi wao walirudi kwao Desemba 1996. Wakati huo, kilomita za mraba 570 za misitu zilikuwa zimepata madhara. Kati ya hizo, 167 ziliharibiwa vibaya. Tusiwalaumu. Mwenye njaa lazima apike. Lakini tujifunze.

Leo kambi haipo. Benaco ni mji mdogo wa maduka na malori. Watu wamehamia kutoka sehemu nyingi. Nao wanapika. Je, kuni na mkaa wao vinatoka wapi? Vinatoka katika misitu hiyohiyo.

Mwisho wa safari ni maporomoko ya Rusumo. Karibu na hapo, Mto Ruvubu huingia Mto Kagera. Tangu mwaka 2023 maji haya yanatoa umeme kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Milima ikiwa mitupu, mvua hubeba udongo hadi mtoni. Kwa hiyo, hata taa ya mjini inategemea mti wa mlimani.

Ndugu msomaji, kisiki cha mti wa miombo huchipua tena kisipochomwa moto. Tulinde machipukizi. Tutumie majiko yanayotumia kuni chache. Mgeni akihamia kijijini, tusimwonyeshe kiwanja tu. Tumwonyeshe pia chemchemi, na msitu usiokatwa. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na msitu wake upone pia.