Mtoto Aliyekosa



Watu wa Kimemi huniuliza ninajifunza nini katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Nikijibu kwamba ninajifunza sheria juu ya watoto waliokosa, wengine hucheka. Mzee mmoja mwenye duka aliniambia: «Mwanangu, basi unajifunza kuwatetea wezi!»

Neno lake lastahili jibu. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi hatia. Hukabidhiwa kwa wenye kujua shida za watoto. Aliyetimiza 14 hupelekwa mbele ya hakimu wa watoto, faraghani, akiwa na mtu wa kumtetea. Hakimu aweza kumwonya na kumrudisha kwa wazazi, au kumweka kwa mume na mke wenye mwenendo mwema, au katika nyumba ya malezi. Tena, kwa makosa yasiyo makubwa sana, sheria yaruhusu upatanisho: mtoto, wazazi wake na aliyekosewa wakae pamoja, watafute namna ya kutengeneza kilichoharibika.

Je, mwenye duka asahauliwe? Hasha! Mali yake ni jasho lake. Lakini mtoto akifungwa pamoja na watu wazima, mwenye duka hapati kitu, na mtoto anapata walimu wabaya. Aliingia kwa kuiba ndizi, atatoka akijua kuvunja milango. Na wale wanaompiga njiani hata kumwua? Amri ya saba yakataza kuiba, ni kweli. Lakini amri ya tano, inayoitangulia, yakataza kuua.

Mtakatifu Yohane Bosco aliwaona vijana katika magereza ya Torino, karne ya 19. Aliona kwamba wengi walirudi kifungoni kwa sababu huko nje hawakuwa na mtu. Kwetu, tangu mauaji ya Beni yalipoanza Oktoba 2014, watoto wengi wamefika Butembo bila baba wala mama. Njaa haingoji mtu akue.

Basi, ndugu zangu, mkimkamata mtoto aliyeiba, msimpige. Mwiteni shefu wa kartie, waiteni wazazi, ombeni apelekwe kwa hakimu wa watoto. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja.

Tena fikirini neno hili: sheria yatafuta mume na mke wenye mwenendo mwema wa kumpokea mtoto wa namna hiyo. Watatoka wapi, kama si katika parokia zetu?