Imeandikwa Hivyo?

Usiku wa kuamkia mazishi ya mama tulikaa jikoni kwa kaka yangu, Kibondo, tukiandika wasifu wa marehemu. Kalamu alishika binti yangu, maana mwandiko wake unasomeka. Akaandika kwamba bibi yake alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu wote. Nikamwambia afute. Mkarimu, sawa. Mcheshi hakuwa, na wapo watu aliokuwa hawapendi hadi anaingia kaburini. Binti akanitazama kama nimemtukana marehemu. Ndipo nikamsimulia habari ya barua.

Mama alizaliwa Heru, upande wa Kasulu, akaolewa Muhambwe, ambako ndiko Kibondo. Alikuja kwa mumewe kwa miguu. Hawajamaliza miaka miwili, mwaka 1957, baba akaenda manamba. Wakati huo Buha, nchi yetu Waha, ilikuwa shamba la kuvuna wanaume. Waliandikishwa, wakashuka Kigoma kwenye reli, wakapelekwa kukata mkonge Tanga. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa, kwa hiyo siku 30 za kipande zingeweza kula miezi miwili ya mtu. Baba alikaa miaka mitatu na nusu.

Barua zake zilikuja kwa Kiswahili, zimeandikwa na mtu wa kambini aliyelipwa kwa kazi hiyo. Mama alijua Kiha peke yake. Alizichukua hadi kwa katekista, akakaa chini pamoja na wanawake wengine wenye bahasha zao mapajani, kila mmoja akisikia ya mwenzake. Katekista alitazama karatasi, kisha akasema kwa Kiha. Kwa mdomo wake baba alikuwa mtu wa maneno matamu: anamwota mkewe usiku, anakumbuka mkono wake kwenye jembe, anasikia mvua ya Tanga na kuuliza kama ya nyumbani imenyesha. Mama alirudi na maneno hayo kichwani, akayarudia akipalilia maharage. Barua zenyewe alizitia kwenye kopo la majani ya chai.

Baba alirudi mwaka 1961, nami nikazaliwa mwaka uliofuata. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikatutoa mlimani na kutupanga kando ya barabara katika kijiji cha ujamaa. Migomba ya mama ilibaki juu kule, na uchungu wa migomba ile sikuwahi kumwona akiumaliza. Lakini kijijini kulikuwa na darasa, na jioni darasa lilikuwa la watu wazima. Alikwenda akiwa na mdogo wangu mgongoni, ametoka shambani, matope bado miguuni. Aliyewafundisha ni kijana aliyemaliza darasa la saba, umri wa kuwa mwanawe. Herufi na Kiswahili alijifunza kwa pamoja, na hilo watu husahau wanaposifu kisomo: kwa mwanamke wa Buha ilikuwa kazi mbili. Usiku nilimpangia punje za mahindi sakafuni, yeye akazisoma kwa kidole: ma, me, mi. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 alifaulu.

Wiki chache baadaye alilishusha kopo. Baba alikuwa pale pale, anachonga mpini. Mama akasoma barua ya kwanza kwa sauti, silabi baada ya silabi, na ilimchukua muda mrefu sana. Mimi mzima. Nimetuma shilingi 20. Nunua mbuzi jike. Shamba la migomba asiguse mtu. Akafungua ya pili, ya tatu. Katika ya nne ilikuwa imeandikwa kwamba baba aliugua wiki tatu hata akadhani hatarudi, sasa ana nafuu. Mama akaweka karatasi chini.

"Ya kuniota iko wapi?"

Baba hakuelewa anaulizwa nini.

Katekista alikwisha kufariki. Maneno matamu yalikuwa yake, na ugonjwa aliuficha yeye. Nimeliwaza jambo hili miaka mingi. Naamini alifanya kwa huruma, akiona wanawake wadogo walioachwa na mashamba na wazee wa kulisha. Naamini pia alimdhulumu mama. Miaka mitatu ile mama alimpikia kwa moyo wake mume ambaye hakuwepo Tanga, na yule aliyekuwepo, aliyelala mgonjwa, hakuombewa hata siku moja. Mama aliniambia hivi tu: "Alinionea huruma bila kuniuliza."

Tangu hapo akawa msomaji wa wengine. Alikuwa na masharti: mwenye barua aingie peke yake, mlango urudishwe, na kilichoandikwa kisomwe chote. Oktoba 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, Warundi walimiminika Kibondo na Kasulu. Wanawake waliotoka kambi za wakimbizi kutafuta vibarua walipokuja na karatasi za Msalaba Mwekundu za kutafuta ndugu, aliwasomea, kwa kuwa Kirundi na Kiha vinasikilizana. Nilikuwepo siku alipomsomea mmoja kwamba mtoto wake hajapatikana. Hakupunguza neno. Alipomaliza alimshika mikono, wakakaa hivyo mpaka jua likashuka, na ugali wa muhogo ukapoa chunguni.

Miaka ya mwisho mtoto wa jicho alimfunga macho. Simu ilipolia kwa ujumbe, wajukuu ndio waliosoma, na wajukuu wana haraka, na wanapenda kumfurahisha bibi. Nikimwandikia kutoka Kasulu kwamba nitakuja mwezi ujao, wao husoma kwamba mwanao anakuja, anakupenda sana. Yeye huinua kidole: "Imeandikwa hivyo?" Mtoto hurudia, safari hii polepole.

Binti yangu alisikiliza yote, akachana karatasi, akaanza upya. Wasifu ulitoka na mistari tisa: alipozaliwa, alikoolewa, watoto saba, wawili waliotangulia, migomba iliyoachwa mlimani mwaka 1972. Nilipousoma kaburini, mstari wa mwisho ulikuwa huu: alijua kusoma na kuandika.